Kitonga Hushukwa kwa Gia: Kwa Dereva Mpya wa Semi Njia ya Tunduma

Anayetaka kuanza kuendesha semi, yaani kichwa cha lori kinachovuta tela, njia ya Tunduma huuliza leseni kwanza, kisha posho. Yote mawili yana majibu mafupi na tutayagusa. Kinachotenganisha dereva anayedumu na yule anayeishia korongoni, lakini, ni namna anavyoshuka mlima. Kupanda hakumwui mtu: gari likikosa nguvu linasimama, foleni inajaa nyuma, watu wanatukana, basi. Kwenye mteremko gari halisimami kwa sababu limechoka.

Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma ina takriban kilomita 930, na sehemu yake ngumu iko huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Ukitoka kwenye joto na mibuyu ya Ruaha Mbuyuni unaanza kuikabili milima ya Kitonga hadi utokee upande wa Ilula. Iringa mjini unaiacha juu, wewe unapita Ipogoro, unaingia baridi ya Mafinga na Makambako. Unateremka kuelekea Igawa na tambarare za Usangu, Chimala na Igurusi kwenye mpunga, kisha unapanda tena Inyala kwenda Uyole. Ukiipita Mbeya kuna mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, na mbele yake mlima Senjele upande wa Mbozi. Wakati wa kwenda, Kitonga unaipanda na mbolea au mafuta. Wakati wa kurudi unaishuka na shaba ya Zambia au Kongo, mzigo usiojaza hata nusu ya tela kwa macho lakini umekwishafikisha uzito wote unaoruhusiwa.

Hesabu ya joto inafaa kuijua mapema. Gari la tani 50 likishuka mita 100 za wima hutoa nishati inayokaribia yuniti 14 za umeme, hizi hizi unazonunua kwa LUKU. Nishati hiyo haina pa kupotelea, lazima igeuke joto, na dereva ndiye anayechagua joto liende wapi. Linaweza kwenda kwenye injini, ambako kuna rejeta na bomba la ekzosi vya kulitoa nje. Au linaweza kwenda kwenye dramu za breki, chuma kilichofichwa ndani ya rimu ambako upepo wa kukipoza haufiki vizuri. Dramu ikipata moto hutanuka na kuikimbia lainingi, kile kipande kinachoisugua, kwa hiyo fimbo ya breki inalazimika kusafiri mbali zaidi ili kugusa. Lainingi nayo ikiungua hupoteza mshiko. Hapo dereva anakanyaga, upepo wa breki upo, geji inasoma vizuri, gari haliitiki. Baada ya ajali utasikia "breki zilifeli." Mara nyingi hazikufeli ghafla. Zilianza kuchomwa kilomita kadhaa nyuma, kidogo kidogo, na mguu uliokuwa umeegeshwa juu ya pedali.

Kwa hiyo gia ya kushukia huchaguliwa juu, kabla pua ya gari haijainama. Kubadilisha katikati ya mteremko ni kamari: ukitoa gia na injini ikashindwa kulingana na mwendo, gia mpya haiingii, na umebaki nyutro na tani 50 mgongoni. Wazee wa njia hufundisha kwamba gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Kanuni hiyo ilifaa sana enzi za injini ndogo. Injini za leo zina nguvu za kupanda mlima kwa gia kubwa ambayo breki ya injini hiyo hiyo haiwezi kuushikilia mzigo wakati wa kushuka. Ukiwa na gari la nguvu farasi 400 na zaidi, shuka kwa gia ndogo kuliko ile uliyopandia, hata kama wa nyuma wanapiga honi.

Breki ya ekzosi, inayobana moshi wa injini ili injini ilizuie gari, hufanya kazi vizuri mizunguko ya injini ikiwa juu. Kwa injini nyingi ni kati ya 1,800 na 2,200 kwa dakika, na baadhi ya magari yana eneo la bluu kwenye geji linalokuonyesha pa kukaa. Dereva mpya akisikia injini inalia hivyo huogopa, hupandisha gia ili itulie, na hapo anakuwa ameitupa breki yake bora. Mlio huo ndio kazi yenyewe, mradi sindano isiingie kwenye nyekundu. Chagua mwendo ambao gari litaushika karibu lenyewe. Kwa Kitonga na mzigo kamili, 20 hadi 30 kwa saa si aibu. Tuseme umechagua 30. Likifika 30, kanyaga breki kwa uthabiti hadi lishuke 20 au 22 ndani ya sekunde tatu hivi, kisha achia kabisa. Litapanda taratibu, unarudia. Kati ya mkanyago na mkanyago dramu inapata nafasi ya kupoa. Kushikilia breki kidogo kidogo bila kuachia ndiko kunakochoma, na kupiga piga pedali haraka haraka kunamaliza upepo kwenye matangi kuliko kompresa inavyoweza kujaza.

Gari la gia za kujiendesha lina mtego wake. Liliundwa kuokoa mafuta, na likiona mizunguko imezidi linaweza kupandisha gia lenyewe mahali usipotaka. Kabla ya mteremko liweke kwenye hali ya mkono, uishike gia wewe. Retada nayo, breki ya ziada inayozuia mwendo bila kutumia dramu, ina kikomo: oili yake ikichemka, mfumo unapunguza nguvu ili kujilinda, bila kukuomba ruhusa. Angalia joto la maji na la oili wakati unashuka, si wakati wa kupanda tu.

Tulimalize na jambo la nyutro, maana bado kuna utingo wanaofundishwa kwamba kuachia nyutro kunaokoa mafuta. Kwenye injini za kisasa, gari likiwa kwenye gia na mguu haupo kwenye mafuta, sindano za mafuta hufungwa kabisa, injini inazungushwa na magurudumu. Ukiweka nyutro, injini inabidi ichome mafuta ili isizime. Kwa hiyo unapoteza breki na mafuta kwa pamoja.

Kuna hali moja ya kuwa mpole na breki ya ekzosi: gari tupu, mvua, lami imelowa au ina tope. Breki hiyo inashika magurudumu ya kusukuma tu. Yakiteleza, tela linaendelea kusukuma na kichwa kinajikunja kama kisu. Hapo tumia nguvu ndogo ya ekzosi, mwendo mdogo zaidi, na breki ya mguu inayogawanywa kwa magurudumu yote.

Yote haya yanategemea breki zenyewe kuwa sawa kabla ya kuondoka. Jaza upepo hadi mfumo upumue wenyewe, geji ikiwa juu ya baa 8. Weka kabari kwenye matairi, zima injini, achia handbreki, kisha kanyaga pedali na uishikilie dakika nzima. Sindano ikishuka zaidi ya baa 0.3 hivi, kuna mvujo, utafute. Endelea kukanyaga na kuachia hadi upepo upungue: taa au kengele ya onyo lazima iwe imewaka upepo unapofika karibu baa 4, na ukizidi kushuka springi za handbreki zijifunge zenyewe. Kisha washa, jaza tena, mwambie utingo akanyage breki huku wewe unazunguka gari zima. Fimbo ya kila bufa, lile kopo la upepo linalosukuma breki, isitoke zaidi ya sentimita 5 hivi. Ikitoka zaidi, marekebisho yameisha, na kumbuka kwamba hapo dramu bado ni baridi. Angalia tela kwa makini kuliko kichwa. Matela hupokezanwa, kila dereva akidhani mwenzake ameshika breki, na tela lisilofunga huhamishia kazi yote kwenye dramu za kichwa.

Mipira ya upepo ni miwili. Mwekundu ndio unaojaza tela. Ukikatika, breki za tela hujifunga. Wa njano hupeleka amri ya mguu wako. Huu ukivuja husikii kitu mpaka pedali ikanyagwe, ndiyo sababu ya utingo kukaa juu na wewe kuwa chini. Matela ya zamani yana koki kwenye mipira hiyo. Koki ikisahauliwa imefungwa, tela linatembea bila breki na dashibodi haina habari.

Kuunganisha tela ni jambo ambalo watu hulionea haraka. Kabla ya kurudi nyuma angalia urefu: tela liguse sahani ya kichwa inayolibeba na kupanda kidogo juu yake. Likiwa juu mno, kingipini, ile pini ya chini ya tela, hupita juu ya taya za sahani, linaonekana limeshika, halafu kona ya kwanza ndiyo inayokueleza. Ukisikia mlio wa kufunga usitosheke nao. Shuka na tochi, hakikisha taya zimeikumbatia kingipini, mkono wa kufungia umeingia wote, na kati ya sahani na tela hakuna upenyo unaopitisha mwanga. Kisha funga breki za tela, ingiza gia ndogo na uvute kidogo. Baada ya hapo ndipo unapandisha miguu ya tela. Ukianza na miguu na kingipini haijashika, tela linalala chini yadini mbele ya watu wote.

Matairi ya semi ya ekseli sita ni 22: mawili mbele, manane ya kusukuma, 12 ya tela. Upepo kwa matairi ya inchi 22.5 yaliyobeba mzigo kamili huwa karibu paundi 110 hadi 120, na hupimwa yakiwa ya baridi. Kugonga kwa nyundo kunakuambia tairi lililokwisha upepo kabisa, lakini lililopungua robo linaweza kukudanganya, na la ndani kwenye mapacha ndilo linalodanganya zaidi. Hilo hujikunja, hupata moto na kupasuka likiwa pembeni ya mwenzake mzima. Angalia pia jiwe lililobanwa katikati ya mapacha. Ukibadilisha gurudumu, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayozaa magurudumu yanayolipita gari lake mwenyewe barabarani.

Sasa leseni. Semi ni daraja E, na hupewi moja kwa moja: unaanza na D, unaitumikia, kisha unapanda. Mafunzo ya magari makubwa yanatolewa na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji Dar es Salaam na vyuo vya VETA, na cheti hicho waajiri wengi wanakitaka pamoja na leseni. Maoni yetu ni kwamba asiyewahi kuwa utingo atafute miezi kadhaa ya Fuso au tipa kati ya Mbeya na Makambako kabla ya kugusa tela. Usianze na tanki la mafuta. Mafuta yaliyojaa nusu hucheza: ukifunga breki yanakimbilia mbele na kukusukuma, ukiingia kona yanapanda upande, na uzito wa tanki uko juu. Na tanki likianguka, kazi yako ya kwanza ukiweza kusimama ni kuwafukuza watu, wakiwemo wanaokuja na madumu. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa kwa moto wa mafuta yaliyomwagika kando ya barabara hii hii.

Mizani ndiyo inayompotezea dereva mpya siku. Kuna Vigwaza, Mikese, Wenda baada ya Iringa, Makambako, na Mpemba kabla ya Tunduma. Tangu Machi 2019 Tanzania inatumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya 2016. Ekseli ya usukani ni tani 8, ekseli mbili za kusukuma zenye matairi mapacha ni 18, tatu za tela ni 24. Jumla ni 50 kwa semi ya ekseli sita. Zile 56 zinazotajwa ni kwa gari lenye ekseli nyingi zaidi. Ikiwa kichwa na tela vitupu vina tani 18, mzigo wako ni 32 na hakuna zaidi. Wengi hupakia 30 ili walale usingizi.

Kosa la kawaida ni kuangalia jumla na kusahau ekseli. Mzigo ukisogezwa mbele, za kusukuma zinazidi huku za tela zina nafasi. Matangi ya mafuta yako kwenye kichwa: lita 800 za dizeli ni karibu kilo 670, kwa hiyo gari lililopita mizani likiwa na tanki nusu linaweza kukwama kwenye mizani inayofuata baada ya kujaza. Turubai lililolowa lina uzito wake. Mzigo uliofungwa kwa ulegevu huteleza ukipanda au kushuka Kitonga, na ekseli zinabadilika bila mtu kuongeza hata gunia. Kaza mikanda kabla ya mlima, ikague tena baada ya mlima. Unafuu wa asilimia 5 kwenye ekseli upo kwa ajili ya mambo kama haya. Anayeupakia unafuu huo tangu yadini amebaki bila kitu.

Mwendo wa lori ni 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi, ambayo njia hii imejaa. Juni na Julai ukungu wa asubuhi kuanzia Mafinga hadi Makambako unaweza kuficha gari lililoharibika hadi uwe umelifikia. Washa taa za chini, za juu hurudisha mwanga machoni kwako. Igurusi na Chimala barabara imenyooka, watu wanakimbiza ili kufidia muda wa milima, na baiskeli zenye magunia ziko pembeni. Inyala ni mlima wa kuheshimu kwa anayetoka Uyole, kwa sababu unauanza ukiwa umetoka mjini na akili bado iko kwenye bodaboda na makutano. Simama juu, gusa dramu kwa mgongo wa mkono bila kuzigandamiza, sikiliza kama kuna harufu. Dramu moja iliyo baridi wakati nyingine zina moto inakuambia breki hiyo haifanyi kazi.

Indiketa nazo ni lugha. Lori la mbele likiwasha ya kushoto lina maana pita, ya kulia lina maana kuna gari linakuja. Shida ni kwamba ya kulia ina maana pia ya kukata kulia. Shukuru kwa salamu, lakini usilipite lori kwa macho ya mtu mwingine.

Ukiharibikiwa, weka pembetatu mbali ya kutosha, na zaidi ukiwa umesimama baada ya kona. Matawi ya miti ni desturi nzuri kama nyongeza, hayang'ai usiku. Mawe uliyozuilia matairi uyaondoe unapoondoka. Jiwe lililoachwa kwenye lami usiku ni deni unalomwachia mwenye pikipiki. Breki zikitoa moshi, usimwage maji kwenye dramu, chuma cha moto kikipoa ghafla kinapasuka. Usivute handbreki pia ukiweza kuepuka. Tafuta tambarare, weka kabari, acha zipoe zenyewe hata saa nzima. Kitonga ikizibwa na gari lililolala, foleni inaweza kula siku, kwa hiyo maji ya kunywa na chakula viwe ndani ya kichwa, si kwenye mpango wa kununua mbele.

Upande wa fedha tutakuwa wafupi. Dai mkataba wa maandishi unaotenganisha mshahara, posho ya safari na maileji, na uulize kuhusu NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kabla ya kukabidhiwa funguo. Gari lenye mzigo kwenye milima hii hula lita moja kwa kilomita 2 hivi. Ukipewa mafuta ya hesabu ya tambarare, shoti, yaani mafuta yaliyopungua, itaandikwa jina lako. Kadi zako mbili za njano usizichanganye: moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ni yako, nyingine ni bima ya COMESA, ni ya gari. Linganisha namba ya lakiri na karatasi kabla ya kutoka yadini, mbele ya aliyekupakilia.

Foleni ya Mpemba kuelekea mpaka itakupa muda, utumie. Kaza nati, na uvute vile vikamba chini ya matangi ya upepo hadi maji yote yatoke. Maji meupe ni unyevu wa kawaida, ingawa yakiwa mengi kikaushio cha upepo kimechoka. Yakitoka na oili nyeusi, kompresa imeanza kutapika, na oili hiyo itaziharibu vali za breki moja baada ya nyingine. Mpigie bosi kabla hujaingia Nakonde, upande wa Zambia, spea bado inapatikana kwa shilingi.